Barua kwa mwanangu: mdogo wako na sauti anazozisikia

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unaniuliza: mdogo wako, na huu ugonjwa wake wa akili, skizofrenia, atakapokuja kukaa kwenu Goma wakati mimi ninatibiwa jicho, akikuambia kwamba redio ya jirani inamtaja kwa jina, umjibu nini? Ukimkatalia anakasirika, na ukimkubalia unajiona unamdanganya. Mimi nilikosea pande zote mbili kabla ya kupata jibu, kwa hiyo univumilie nikueleze kwa kirefu.

Kosa la kwanza unalikumbuka, ingawa ulikuwa umekwisha kuolewa. Mwaka ule alipokuwa na miaka 21, alipoacha masomo na kuanza kuifunika redio kwa shuka, sisi watu wazima wa nyumba tulimzunguka kila jioni tukimhakikishia kwamba hakuna anayemsema. Mjomba wako alifika hata kuifungua ile redio kwa bisibisi ili aone kwamba ndani mna nyaya tu. Alitazama, akanyamaza, na usiku akatoka. Tulimpata siku ya tatu karibu na mto Ruzizi, miguu imevimba. Kwake yeye tulikuwa tumethibitisha jambo moja tu, kwamba na sisi tumo katika njama.

Kisha ikaja ile miezi ya kufunga na kukesha katika chumba cha maombi, ambako niliambiwa kwamba amelogwa na mtu wa ukoo, na mimi, Mungu anisamehe, nikaacha kumsalimu shangazi yako mwaka mzima. Sikujutii kusali, kwa maana bado ninasali. Ninachojutia ni ile miezi aliyokaa bila dawa, kwa sababu ugonjwa huu ukichelewa kutibiwa, kupona nako huwa kugumu zaidi.

Kosa la pili lilikuja baadaye, alipokuwa ameanza kutibiwa SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Bukavu. Nilikuwa nimechoka kubishana. Siku moja aliponiambia kwamba redio inamtukana, niliisogelea nikaikemea kwa sauti kubwa kana kwamba nami ninaisikia. Alitulia, tukala bugali na sombe kwa amani, nikajipongeza. Kesho yake alikataa vidonge akisema: «Hata mama anaisikia, basi mgonjwa ni nani?» Ilichukua majuma mengi kuyarekebisha maneno yangu ya dakika moja.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja aliyekaa nami kwenye benchi na kunieleza ugonjwa wenyewe. Skizofrenia humpata takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani, na mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Katika ubongo mna kemikali iitwayo dopamini, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kutuonyesha kipi kina uzito na kipi tukipite. Inapofanya kazi kupita kiasi, kila kitu hupata uzito: mlio wa redio, kikohozi cha mpita njia, taa ya pikipiki. Mtu hulazimika kutafuta sababu ya uzito huo, na sababu anayoipata ndiyo sisi tunayoiita wazimu. Tena wataalamu wamepiga picha za ubongo wa watu wanaosikia sauti, wakakuta kwamba zile sehemu zinazohusika na kusikia na lugha zinafanya kazi kweli wakati huo. Kwa hiyo mdogo wako hasemi uongo. Anasikia.

Basi jibu langu ni hili. Usiseme kwamba sauti haipo, wala usiseme kwamba nawe unaisikia. Sema: «Mimi siisikii, lakini najua wewe unaisikia, na naona inakuogopesha.» Kisha shughulika na ile hofu. Muulize kama angependa mhamie chumba kingine, mtoke kidogo nje, au akusaidie kuchambua lengalenga, kwa kuwa mikono ikipata kazi sauti nazo mara nyingi hupungua. Mimi huketi kando yake badala ya kumkabili uso kwa uso, nami husema maneno machache. Tangu nilipoanza hivyo, kuna siku ananiambia mwenyewe: «Mama, leo zimezidi.» Neno hilo moja lina faida kuliko hoja zote za mjomba wako.

Muulize pia, bila kuzunguka, sauti zinamwambia nini. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, hapo si mazungumzo tena. Mpeleke siku hiyohiyo Tulizo Letu, kituo cha hapo Goma ambacho, kama SOSAME, ni cha watawa wa Frères de la Charité. Karatasi yake ya matibabu nitaiweka katika mfuko wa ndani wa begi lake.

Dawa yake ni haloperidoli, iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Huizuia dopamini, nayo imemrudishia usingizi, lakini humkaza misuli na wakati mwingine humfanya ashindwe kutulia, akitembea huku na huku. Ukiona hivyo usidhani ugonjwa umerudi, wala usimpunguzie vidonge kwa huruma. Mwone daktari, maana iko dawa ya kulegeza ukakamavu huo. Pombe mnayoweka nyumbani, hata kasiksi ya wageni, iondoeni, na bangi ndiyo isikaribie kabisa.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo naona litakusumbua kuliko redio. Atalala hadi mchana, hataoga mpaka aambiwe, atakaa mezani bila neno, na shemeji yako atasema ni mvivu. Huo nao ni ugonjwa, sehemu ambayo vidonge haviigusi sana. Huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliorudi kwa jamaa zao, wakagundua kwamba walioishi katika nyumba zenye lawama nyingi waliugua tena zaidi kuliko wengine, na vivyo hivyo wale waliolelewa kama watoto wachanga. Hilo la pili lilinichoma, kwa sababu nilikuwa bado ninamfunga kamba za viatu. Mpe kazi moja ndogo kila siku, iwe yake, na akiimaliza mwambie umeiona.

Akikosa usingizi siku mbili mfululizo, nipigie simu hata kama ni usiku.

Boti itaondoka hapa Alhamisi asubuhi. Mpokee bandarini wewe mwenyewe, usimtume mtu wa pikipiki asiyemjua, kwa sababu pale pana kelele nyingi, na sauti zake huzidi penye kelele. Redio yenu iacheni mahali pake. Yeye mwenyewe ndiye aulizwe kama iwashwe au izimwe.

Mimi mama yako