Usipunguze upepo wa tairi kwa sababu ya jua

Kaka, umeuliza kama ni kweli tairi zipunguzwe upepo kipindi hiki cha jua kali kabla hujapakia familia kwenda Shinyanga. Hapana, usipunguze hata kidogo! Ushauri huo wa vijiweni ndio unaopasua tairi. Tairi yenye upepo mdogo inabonyea, kuta zake zinajikunja na kujikunjua kila inapozunguka, na hapo ndipo joto kubwa linapozaliwa. Ongeza mzigo na mwendo mkali, nyuzi za ndani zinaachia.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala, kabla hujatoka nyumbani. Ukipima njiani pale Usagara, baada ya kutoka Mwanza mjini, utakuta upepo umepanda. Huo umepandishwa na joto, uache. Kipimo sahihi kwa kawaida kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna namba ya juu zaidi kwa gari lililojaa. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu.

Kisha inama utafute herufi DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho zikiwa 2318, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za mtumba zinaweza kuwa na meno mazuri kabisa huku mpira umeshakauka. Pitisha kidole gumba karibu na ringi. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, tafadhali usisafiri nayo na watoto.

Na spea uipime pia, wengi huisahau.