Mpini wa shoka wa maua: hiyo transfoma ya maikrowevu usiiguse

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi niko Njoro, nauza mashoka na majembe sokoni na nataka mipini yangu iwe na urembo ndio iende haraka. Nimeona video jamaa anapaka mbao maji ya soda ya kuokea, anaweka waya mbili kutoka kwa transfoma ya maikrowevu, moto unatembea unachora kama mizizi ya mti, inapendeza sana. Kuna fundi hapa Nakuru anauza hiyo mashine ikiwa tayari, anasema nikivaa glavu na gamboti hakuna shida, na stima ikizidi breka itajishusha yenyewe. Sasa soda niweke vijiko vingapi kwa lita? Na ni kweli mpini ukichomwa unakuwa mgumu na mchwa haugusi?

JIBU: Vijiko sitakuambia ndugu yangu, na usinichukulie vibaya. Hili swali naletewa kila mara siku hizi, na karibu wote wanauliza vile umeuliza, soda ni ngapi, mbao ikauke ama iwe na maji, hakuna anayeuliza hiyo transfoma inatoa nini. Inatoa volti kama 2000. Stima ya nyumba yako ni 240, na vile inafanya mtu unajua.

Kabla niingie kwa mbao nilivuta waya za nyumba miaka sita hapa Kisumu, kwa hivyo si mambo ya kuskia. Na katika yote huyo muuzaji amekwambia, hiyo ya breka ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu inaskika kama ya mtu amesoma. Breka kazi yake ni kulinda waya za kwa ukuta zisiungue. Ile ya soketi kwa nyumba nyingi ni ampea 20 ama 30. Moyo wa mtu unavurugika kwa ampea 0.1 peke yake. Sasa hata hiyo mashine ikupitishe nusu ampea kwa zile volti 2000, upande wa ukutani itaonekana ni ampea nne hivi, ni kama mtu amewasha pasi anapiga nguo. Breka itashukaje na inaona ni pasi? Utakuwa umelala hapo na taa za nyumba bado zinawaka. Wengine wananiambia ooh mimi niko na ile swichi ya kisasa, ile inakata haraka stima ikivuja kwenda chini. Hiyo pia haioni kitu, kwa sababu stima inayokupitia wewe imetoka kwa koili ya pili ya transfoma, ile ya kutoa volti kubwa, na inarudi kwa koili hiyo hiyo, upande wa ukutani iliyoingia ni sawa na iliyotoka, hakuna kilichopotea.

Glavu nazo. Wale wanapanda nguzo za stima wanavaa glavu zilizopimwa, zimeandikwa volti zake, na kabla avae anaikagua kama ina tundu. Zako ni za kuoshea vyombo ama za mjengo, hakuna mtu aliwahi kuzipima kwa volti 2000. Ukiongeza na hayo maji ya soda, ambayo umeyapaka ukitaka yapitishe stima, yanatiririka hadi kwa benchi, yanaingia mkononi, yanafika kwa sakafu. Na usifikiri ukiguswa utaruka. Stima ya aina hii inabana misuli, mkono unafunga na unakataa kuachilia, unaona kabisa kitu umeshika na huwezi kuachia.

Kuna kijana aliniletea moja hapa kwa benchi nimwangalizie, alikuwa amenunua ikiwa tayari kama hiyo ya fundi wako. Transfoma imepigwa skrubu mbili kwa kipande cha plaiwudi. Waya ni ile nyembamba ya spika, mwisho wake vibanio viwili vya kuchajia betri ya gari, mahali pa kushika pamezungushwa tepu nyeusi. Waya ya ukutani ilikuwa na nyuzi mbili tu, ya ardhi hakuna. Sasa kwa hizi transfoma, ncha moja ya koili ya volti kubwa imefungwa kwa chuma chenyewe cha transfoma, yaani hicho chuma umekaa nacho hapo mezani ni ncha moja ya hizo volti zinazotafuta mahali pa kupita. Alikuwa anakisogeza na kiganja kazi ikiendelea. Nilikaa na huyo kijana karibu saa nzima nikimwonyesha, na mashine hakurudi nayo nyumbani.

Hii mchoro ina jina, wanaita Lichtenberg, kwa sababu ya Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliyeona alama za namna hiyo kwa vumbi mwaka 1777. Kule Marekani chama chao cha wachongaji wa mbao, American Association of Woodturners, kimepiga marufuku hii kitu kwa shughuli zake zote, na wamehesabu zaidi ya watu 30 waliokufa wakichoma mbao hivi. Hao ni wale wamejulikana. Mwaka 2022 huko Wisconsin walikufa watu wawili pamoja, mwanamume na mwanamke. Mwaka huo huo Ann Reardon wa Australia, yule mama wa mapishi, alitoa video YouTube ya kuonya watu, video ikaondolewa, mpaka watu walipolalamika ndio ikarudishwa. Kwa hivyo ukiniambia umeona video na jamaa hakufa, umeona ya yule hakufa.

Na wewe ambaye unasoma hapa ukifikiria badala ya kununua utafungua maikrowevu mbovu utoe transfoma mwenyewe, ndani kuna kapasita, kile kidude cha kutunza stima, inaweza kubaki na chaji ya kukuua hata kama plagi imechomolewa. Wacha iende kwa fundi anayejua.

Sasa ile ya mpini kuwa mgumu. Si kweli. Mbao ikipita digrii 200 hivi inaanza kupoteza nguvu, na ile nyeusi unaona ni makaa, piga kucha uone vile inamung'unyika. Juzi nililetewa shoka imevunjika mpini, mwenyewe analia eti mbao ilikuwa mbaya. Mbao ilikuwa mpera mzuri kabisa. Shida ni alikuwa amechoma pete tatu za kuzunguka, vidole viwili chini ya kichwa cha shoka, ndani karibu milimita tatu, na mpini ulikatikia kwa pete ya juu kama umepigwa msumeno. Hapo shingoni ndio nguvu yote ya pigo inapita, na nyuzi za mbao zinatakiwa ziwe nzima. Shoka ya kichwa kilo moja na nusu ikiruka kwa mpini, mtoto akiwa amesimama nyuma anaangalia baba akipasua kuni, sitaki hata kumaliza hiyo hadithi. Mchwa nao anaingia pale hapajachomwa, maua yako hayamzuii. Ukitaka mpini usiliwe haraka tafuta mti wa siala, ile Waluhya wanaita lusiola, mchwa anapata shida nayo sana.

Urembo wenyewe unawezekana na si kazi kubwa. Tumia kile chuma cha fundi wa redio cha kuunganishia waya, ama hata msumari wa nchi sita uliofungwa kwa kipande cha mti, unautia kwa jiko la makaa kama wazee walivyochoma rungu zao. Chora pale mkono wa chini unaposhika ama katikati, shingo iache wazi upana wa kiganja, tena na pale inaingia kwa tundu la shoka iache. Mistari ifuate urefu wa mbao kuliko kuikata, na rangi iwe ya chai, isifike makaa. Usikandamize, acha moto ufanye kazi, ukiona moshi mzito umekaa mahali pamoja sana. Fanyia nje penye upepo. Na tafadhali usichome mbao ya nguzo zilizotiwa dawa, zile za kijani kijani, watu wanaokota vipande vyake wanachonga mipini. Dawa nyingi ya hizo nguzo iko na aseniki na moshi wake ni sumu. Ukimaliza paka mafuta ya linsidi, na yale matambara umepakia usiyarundike kwa kona, yanajipasha moto yenyewe hadi yanawaka, yaanike moja moja nje kwa kamba.

Kwa wewe unayeuza hizi mashine, Nakuru, Kakamega, hapa Kibuye, popote uko, najua unatafuta unga kama mimi. Lakini unauzia kijana wa miaka ishirini kitu ambacho wewe mwenyewe unasimama mbali ukikiwasha, nimeona mkifanya hivyo. Ukimwambia breka itamsaidia unamdanganya. Na nyinyi mafundi wa stima mnaosimama pembeni mkinyamaza kwa sababu muuzaji ni rafiki, semeni.

Ndugu wa Njoro, kama pesa ulikuwa umeshalipa na mashine iko kwako, usiiuzie mwingine eti upate pesa yako. Hakikisha plagi iko nje ya ukuta, kata hiyo waya karibu kabisa na transfoma, halafu chuma peleka kwa wa skrapu. Mpini wa kwanza ukiumaliza kwa msumari nitumie picha ya shingo, nikuangalizie kabla uuze.