Usaili Jumatatu na jina halitoki
Mdogo wangu, umesema una usaili Jumatatu na kigugumizi kinakukwamisha kwenye jina lako mwenyewe. Hilo nalijua. Neno jingine likiwa gumu unatafuta mwenzake, jina utalikwepea wapi? Mimi miaka mingi nilipitilizwa kituo kwenye daladala kwa sababu "shusha" haitoki. Nashuka cha mbele, narudi kwa miguu, jua la saa saba. Kule kukwepa kulinichosha kuliko kigugumizi chenyewe.

Hiyo Jumatatu waambie wasaili mapema: "Nina kigugumizi, naomba mnivumilie nikikwama." Ukishasema hivyo huna cha kuficha, na kuficha ndiko kunakokaza koo. Jina likigoma usilisukume. Legeza midomo, lianze upya polepole, na macho yako yabaki kwa anayekuuliza (hapo ndipo wengi wetu tunatazama viatu).

Kabla ya hapo, nenda dukani ukagugumize makusudi: "Na-na-naomba mkate." Wataalamu wa tiba ya usemi hufundisha zoezi hili. Mara ya kwanza utajiona kituko, lakini Mangi atakupa mkate na chenji yako kama kawaida.

Na wanaosema ni woga tu, wasikuumize kichwa. Kigugumizi kinatokana na namna ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Woga unakizidisha, haukianzishi. Kwetu yupo baba mdogo, nami. Ukipata nafasi, ulizia mtaalamu wa usemi hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, ila si lazima umpate kabla ya Jumatatu.