Konokono, magadi na baridi ya Njombe: maswali yenu kuhusu jiografia ya magonjwa

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa walimu wanaotaka kujua somo la afya linaingiaje kwenye kipindi cha jiografia. Nimechagua tano.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha shule ya msingi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Kila mwaka nafundisha kichocho na kuwakataza watoto kuoga ziwani. Kengele ikilia, hao wanateremka ziwani. Nifanyeje?

Marahaba. Kwanza, punguza kukataza. Mtoto ambaye mama yake anafua ziwani, baba yake anavua ziwani na maji ya kupikia yanatoka humohumo, ukimwambia asiende ziwani anajua tu kwamba wewe si mwenyeji. Mpe penseli. Wachore ramani ya mwalo wao: wapi wanateka maji, wapi wanafua, vyoo viko upande gani, mvua ikinyesha maji yanatiririkia wapi, magugu yako wapi. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye mimea. Ramani ikikamilika, watoto wataona wenyewe kwamba pale panapopendwa kwa kuogelea, pasipo na mawimbi, ndipo konokono walipo, na pengine ndipo kichaka kinachotumika kama choo kinapomwaga uchafu wake. Ila usiwapeleke kuokota konokono majini kwa mikono, hata kwa dakika mbili.

Halafu angalia dalili unazofundisha. Wengi tumezoea kuanza na kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, na konokono wake huko kwenu utawakuta zaidi kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Ufukweni mwa ziwa kinachotawala ni kichocho cha tumbo: tumbo kuuma, kuhara, damu kwenye choo kikubwa, na miaka ikipita, ini na bandama kuvimba. Mwanafunzi wako anautazama mkojo wake, anauona safi, anajihesabu mzima. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka kadhaa kabla muuguzi mmoja hajanirekebisha mbele ya darasa. Niliona haya, lakini alikuwa na haki.

Usisahau saa. Vijidudu vya kichocho humtoka konokono kwenye mwanga, wengi zaidi jua linapokuwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Maji ya kuoga yakikaa kwenye pipa siku mbili, bila konokono ndani, vijidudu hivyo hufa. Na waambie ukweli kuhusu vidonge vya praziquantel vinavyogawiwa shuleni: vinaua minyoo iliyomo mwilini, havimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini kesho yake.

Mimi ni mzazi, tunaishi chini ya Mlima Meru. Mwanangu ana meno yenye madoa ya kahawia. Shuleni wameambiwa wachemshe maji ya kunywa. Yatasaidia?

Kwa kuhara, ndiyo. Kwa meno, hapana, tena kuchemsha kunaongeza tatizo: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi, madini yanayotia meno madoa, inabaki palepale. Floraidi hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na ndiyo sababu hilo ni tatizo la Arusha na Manyara wakati mwenzako wa Ruvuma halijui. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno hudhurika yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, kwa hiyo wa kulindwa zaidi ni wadogo chini ya miaka minane. Wape maji ya mvua, au yaliyopita kwenye chujio la mifupa iliyochomwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arusha, kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi. Na magadi ya kulainishia maharage yaacheni, kwani mengine yamejaa floraidi.

Niko Njombe. Huku ni baridi, malaria si tatizo letu. Kwa nini nipoteze vipindi viwili kuifundisha?

Kwa sababu baridi yenu yenyewe ndiyo somo. Waambie wakokotoe: joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100, na ninyi mko karibu mita 2,000. Kimelea cha malaria kinahitaji kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuambukiza. Kwenye nyuzi 25 huchukua kama siku 12. Kwenye nyuzi 20, karibu wiki nne, na mbu wengi hawaishi muda huo. Hapo mwanafunzi ameelewa mwinuko kuliko kwa kukariri kontua. Kisha uliza wangapi hushuka bonde la joto la Kilombero wakati wa kilimo cha mpunga. Aliyekulia baridini hana kinga ya mwili aliyonayo mwenyeji wa bondeni, na malaria ikimpata inaweza kumlaza vibaya.

Homa ya Bonde la Ufa ni ya Bonde la Ufa tu? (Mwanafunzi, Garissa)

Wewe wa Garissa unajua jibu, maana mlipuko wa 2006 na 2007 wa ugonjwa huu wa mifugo na watu, unaoenezwa na mbu, ulipiga kwenu, nje ya Bonde la Ufa. Jina limetokana na Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa, ilikotambuliwa mara ya kwanza kwenye miaka ya 1930. Mwaka 2000 ilifika Saudia na Yemen. Mayai ya mbu wake husubiri kwenye udongo mkavu miaka mingi, mpaka mvua kubwa ijaze mabonde.

Mwaka jana tulichora ramani ya kipindupindu kijijini, tukatia alama nyekundu kwenye nyumba zilizougua. Wazazi walikasirika. Tulikosea?

Ndiyo. Najua mlikotoa wazo: daktari John Snow, kipindupindu cha London, 1854, zaidi ya watu 500 wakafa kwa siku kumi hivi, naye akaonyesha vifo vimezunguka pampu moja ya maji. Lakini kilichomsaidia zaidi ni wasiougua. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu walikunywa bia na walikuwa na kisima chao, wakanusurika. Yaani Snow alikuwa anatafuta chanzo cha maji. Kijijini kwenu kila mtu anajua nyumba ya nani ni ipi, na alama nyekundu inamfuata mtoto mpaka darasani. Safari hii chora visima, mito, vyoo na mteremko wa ardhi, na watoto waulize nani anateka wapi. Karatasi ya mwaka jana, kama bado iko ukutani, ing'oe kesho asubuhi kabla hawajaingia.