Ukiambiwa "lete kwanza bili ya umeme"

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, ameandika kutoka kitongoji cha Paris. Yeye na wanawe wawili, binti wa miaka 6 na kijana wa miaka 13, wamewekwa kwenye chumba cha hoteli pamoja na familia nyingine zisizo na makao. Kila akienda ofisi ya meya, mairie, kumwandikisha binti shule, anaambiwa alete bili ya umeme. Bili ataitoa wapi, na umeme ni wa mwenye hoteli? Wiki ya tano hii anazungushwa. Anauliza kama asubiri kwanza karatasi za ukimbizi.

Usisubiri, mama. Ufaransa elimu ni lazima kwa kila mtoto wa miaka 3 hadi 16, raia au mgeni, na kibali chako cha kuishi hakimhusu karani wa kuandikisha shule. Tangu amri ya serikali ya tarehe 29 Juni 2020, mairie inaweza kudai mambo matatu tu: mtoto ni nani, mzazi au mlezi ni nani, na mnaishi wapi. Hilo la tatu unalithibitisha kwa njia yoyote, hata kwa tamko uliloandika mwenyewe. Kama vyeti vilipotea njiani, hata hayo mawili ya kwanza unayatamka hivyohivyo. Kabla ya amri hiyo, Waroma (si watu wa jiji la Roma, bali jamii ya wachache ya Ulaya) kutoka Romania na Bulgaria, wanaoishi kwenye vibanda vya mbao na mabati pembezoni mwa miji, walikuwa wakirudishwa mlangoni kwa sababu ya bili hiyohiyo.

Tamko lenyewe ni karatasi nyeupe na mistari michache ya Kifaransa: "Je soussignée (jina lako), née le (tarehe) à (mji), déclare sur l'honneur que ma fille (jina), née le (tarehe) à (mji), vit avec moi à l'adresse suivante" (yaani, natamka kwa heshima yangu kwamba binti yangu anaishi nami kwenye anwani ifuatayo), kisha jina la hoteli, barabara na namba ya chumba. Malizia kwa mji, tarehe na sahihi. Anayeishi kibandani aandike barabara iliyo karibu.

Ila usiongope. Tamko la uongo ni kosa la jinai: kifungo hadi mwaka 1 na faini hadi euro 15,000. Wazazi huteleza hasa kwenye umri. Wanampunguzia mtoto miaka miwili ili aanze na wadogo, wakati OFPRA, ofisi ya Ufaransa inayoamua maombi ya hifadhi, wameshaandikisha tarehe nyingine. Tarehe zikigongana, wa kutiliwa shaka ni wewe na ombi lako la hifadhi.

Kadi ya chanjo inaangaliwa wakati wa kupokelewa shuleni. Ikikosekana, mtoto anapokelewa kwa muda na mnapewa miezi 3 ya kukamilisha. Aliyezaliwa kabla ya 2018 anadaiwa dondakoo, pepopunda na polio tu.

Sasa kosa linalogharimu kuliko yote: kupokea "hapana" ya mdomo na kurudi nyumbani. Maneno ya dirishani hayana tarehe wala sahihi. Kesho karani atasema hajawahi kukuona. Omba wakuandikie sababu ya kukukatalia. Wakigoma, mwandikie meya barua ya posta yenye risiti ya kupokelewa, lettre recommandée avec accusé de réception, ukiambatanisha tamko, na nakala uipeleke kwa DASEN, mkuu wa elimu wa mkoa. Sheria inampa DASEN uwezo wa kumwandikisha mtoto yeye mwenyewe pale meya anapokataa bila sababu halali. Piga picha kila karatasi kabla ya kuitoa mkononi. Kukiwa bado kimya, mpelekee malalamiko Défenseur des droits, mtetezi wa haki wa taifa, ambaye hatozi chochote. Kukataliwa kwa maandishi kunaweza kupingwa kwenye mahakama ya utawala ndani ya miezi 2, kwa hiyo bahasha yenye tarehe ya posta nayo itunze.

Kijana wa miaka 13 ana njia yake, maana sekondari haipitii mairie. Anapimwa kwanza chini ya kitengo cha elimu ya watoto wageni kiitwacho CASNAV: Kifaransa, hesabu, na kusoma kwa lugha aliyosomea. Taja lugha hiyo wazi, na umpelekee daftari zake za zamani kama zipo. Mtoto wa Kikongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, amefuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Asipimwe kama mtu asiyewahi kuona ubao. Akipangiwa UPE2A, mpango wa kufundisha wageni Kifaransa shuleni, anastahili saa zisizopungua 12 za Kifaransa kwa wiki, au 18 kama hajawahi kusoma kabisa. Masomo mengine ayafuate kwenye darasa la kawaida alikoandikishwa. Wakimweka na wageni wenzake tu kutwa nzima, ulizia.

Na mtu akikuletea fomu ya elimu maalumu, iwe ya SEGPA (madarasa ya wenye shida kubwa ya kujifunza) au maombi ya MDPH (ofisi ya watu wenye ulemavu), usitie sahihi siku hiyo. Kutojua lugha si ulemavu wa akili. Kule Ostrava, Ucheki, mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake asiye Mroma wa kupelekwa shule maalumu, kwa vipimo visivyojali lugha wala malezi yake. Watoto 18 walishtaki, na tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba huo ni ubaguzi. Chukua fomu, nenda nayo kwa mtu anayesoma Kifaransa vizuri, ndipo ujibu.

Limebaki la chakula. Mahali penye kantini ya shule ya msingi, kila mtoto ana haki ya kula, lakini mara nyingi bei inafuata kipato, na asiye na karatasi ya kodi anaweza kuwekwa kwenye bei ya juu kabisa. Pita CCAS, ofisi ya ustawi ya manispaa, ukaombe bei ya chini kabla binti hajaanza, kwa sababu bili ya mwezi wa kwanza ikishatoka ni kazi kuifuta.