Aprili ya California na mwezi wa nne wa Tukuyu

Wiki hii mmeuliza, "Unajifunza kwa zana zipi za mtandaoni, na ipi imekusaidia zaidi?" Swali nimelisoma nikiwa kitaluni, mikono ina udongo, nikasema hili sipiti kimya. Ila naomba nisijibu "zipi", nijibu "nani", maana zana yangu ni simu tu, hii hii ya kioo kilichopasuka, waliomo ndani ndo walionifundisha.

Mi ni mama wa Tukuyu, mkoani Mbeya, nina kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba. Shule niliishia la saba. Kubebesha, yaani kuunga kikonyo (kijitawi cha mti wa aina bora) kwenye mche wa kienyeji, nimejifunza YouTube, chuo sijakanyaga, na nilikuwa najisifia hilo kila mahali, kanisani, kwenye kikoba, mpaka watu wakanichoka. WhatsApp nina magrupu manne, matatu ni amkeni na baraka, picha za maua na jamaa mmoja hachoki kutangaza mikopo, la nne ndo la parachichi lenyewe. Google naingia usiku, bando la usiku ni nafuu. Zana ndo hizo.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na miche ya kienyeji 60 kwenye viriba, imefika unene wa penseli, nikasema natoka kwenye kubahatisha miwili mitatu nabebesha yote kwa mpigo niuze miche ya Hass, ile aina ya parachichi ya biashara. Nikaikuta video ya mzee mmoja mzungu wa California, kavaa kofia pana, ana mikono mizuri jamani, mikono ya mtu aliyefanya kazi. Kiingereza naokota neno hapa neno pale, lakini mikono haihitaji mkalimani. Anachonga kikonyo kama ulimi, anapasua shina, anachomeka, anahakikisha ganda limegusa ganda hata kama ni upande mmoja tu, halafu anafunga kuanzia chini kupanda juu ili maji yasipate pa kuingilia. Nilirudia pale pa kufunga labda mara kumi. Na neno moja nililisikia vizuri kabisa, April, kalirudia mara mbili, na hilo ndo lililoniponza.

Maana na sisi tulikuwa mwezi wa nne! Nikaona hii ni bahati ya Mungu. Nikatoa hela kwenye kikoba nikanunua vikonyo, nikanunua wembe mpya, plastiki ya kufungia, na vile vinailoni vya aiskrimu vya kuvalisha juu, nikakaa kwenye kigoda siku mbili mgongo unauma, mwanangu ananishikia miche. Mwenye kuijua Tukuyu ameshaanza kucheka. Mwezi wa nne huku ni mvua asubuhi, mvua mchana, nguo inakaa kambani siku tatu na bado inanuka, huu ni mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mwezi huo unachukua fungu nono. Wiki ya pili nikafungua nailoni ya kwanza, kikonyo cheusi kama kijiti cha kiberiti kilichoungua. Ya pili hivyo hivyo. Ndani ya nailoni maji yametuama, pale kwenye jeraha pana utelezi, ukinusa ni harufu ya uozo. Kati ya 60 ilipona minne. Mwanangu akaniuliza, "Mama, yule mzungu kwake hakunyeshi?" nikamfukuza akachote maji.

Nikatupia picha grupuni. Mmoja akasema wembe ulikuwa mchafu, mwingine piga dawa ya kuvu, mwingine pole dada mtumaini Mungu, na wa nne akatumia nafasi hiyo kutangaza miche yake. Usiku ikaingia voisi ya dakika tatu, ndani yake jogoo anawika, ya mzee mmoja ambaye hajawahi kuandika neno. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba mwanangu, hivi hivyo vikonyo ulivikata vimelala au vimeamka? Sikumwelewa. Akanieleza, mwezi wa nane kwenda wa tisa, mvua imekata, ushike ncha ya tawi kwa kidole, ukiona chipukizi limevimba kama punje ya mtama ila halijafunguka, hapo limeamka, kata. Huko kwa wazungu mwezi wa nne ndo miti inaamka, sisi yetu inaoga. Nikasema ndaga fijo (asante sana) baba, uko wapi? Yuko Katumba. Katumba! Daladala moja tu kutoka kwangu, na nimempata kwa bando.

Nilipoanza kuandika hapa nilitaka kusema YouTube imenitia hasara, acheni, mfuateni mzee wa karibu. Lakini nikijisoma naona simtendei haki yule wa kofia. Mzee wa Katumba alinipa majira, mkono wangu umetoka California, na mwezi wa nane nilipobebesha tena niliongozwa na wote wawili, na iliyoshika ilikuwa mingi kuliko iliyokufa (idadi siitaji, kuna wanunuzi wanasoma). Halafu usiku mmoja nikasoma Wikipedia habari za huyo Rudolph Hass mwenyewe, kumbe alikuwa mpeleka barua, huko huko California, na ule mti wake, mama wa Hass zote, alijaribu kuubebesha ukamkatalia, nusura aukate, akaambiwa uache tu, na mwaka 1935 akaukatia hataza, ile hati ya kuonyesha ni wake. Nilifurahi peke yangu gizani kama mwehu.

Kwa hiyo andikeni YouTube. Namba mbili ni grupu, ila kwa sababu ya mtu mmoja tu kati ya wote waliojazana mle, akiondoka na mimi naondoka.

Juzi kuna kijana kauliza mle abebeshe lini. Nikaandika mwezi wa nane, nikatuma, kisha nikaufuta mbio kabla hajausoma, nikamuuliza kwanza uko wapi. Kasema Makete, na mwezi wa saba kwao asubuhi majani yanakuwa na barafu. Mpaka sasa sijamjibu, nasubiri voisi ya mzee.