Maswali ya Wasomaji: Benchi Kwanza, Picha Baadaye

Barua za toleo hili zinahusu jambo moja: wasanii wa mtaa kukabidhiwa mabenchi ya umma wayapambe kwa rangi au vigae. Wengi walioandika tayari wana michoro mizuri. Kinachowasumbua ni kilicho chini ya mchoro na kilicho juu yake, kwa hiyo majibu yetu yameelemea huko.

Swali: Tulipaka mabenchi manane ya mbao. Mvua za kwanza tu, rangi imeanza kutoka magamba. Je, tumeuziwa rangi mbovu?
– Mratibu wa kikundi cha wasanii

Jibu: Huenda rangi haina kosa. Okota gamba moja, ligeuze, utazame mgongo wake. Ukikuta nyuzi za mbao za kijivu zimeng'ang'ania, ujue gamba limeng'oka na uso wa mbao yenyewe: ubao ulikuwa umechomwa na jua na haukusuguliwa hadi kufikia mbao isiyoharibika. Ukikuta rangi imeachana na rangi iliyo chini yake, huku praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ikiwa bado imeshika, basi mkono wa pili, yaani tabaka la pili, ulipigwa juu ya uso unaong'aa au wenye vumbi na mafuta ya viganja. Ukikuta praima yote imetoka safi na ubao ulio chini una unyevu, maji yameingia kwa mlango wa nyuma.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo ya kushuku kwanza katika mabenchi, kwa sababu msanii hupaka panapoonekana. Upande wa chini na ncha mbili za kila ubao huachwa wazi, na ncha ndiko mirija ya mti inakofunguka; hunyonya maji upesi kuliko upande wa ubao. Jua likiwaka, unyevu ule hutafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi kutoka ndani. Huanza malengelenge, kisha magamba. Kuongeza vanishi juu hakusaidii kitu.

Tiba ni kurudi mwanzo. Fungua mbao zote kwenye fremu na uziandike namba kwa chini ili kila moja irudi mahali pake. Sugua kwa msasa namba 80 hadi uso wa kijivu uishe, fuata namba 120, malizia na 180, kila mara ukifuata nyuzi. Usilainishe zaidi ya hapo, praima itakosa pa kushika. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uache ubao ukauke. Mwenye kipima unyevu asubiri kisome chini ya asilimia 15. Mafundo ya mbao za msonobari yapakwe shelaki (aina ya vanishi ya kuziba utomvu) kwanza, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya njano katikati ya mchoro. Mbao zenye mafuta ya asili, kama mtiki, zifutwe kwa asetoni (kiyeyushi cha mafuta) na kupigwa praima siku hiyohiyo, kabla mafuta hayajapanda tena juu. Kisha piga praima pande zote sita. Ncha zipate mikono miwili au mitatu, na matundu ya bolti yasisahauliwe.

Kabla hujashika msasa, uliza umri wa benchi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na mbao za kijanikijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na aseniki. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ipime rangi hiyo kwanza. Ikiwa na risasi, usiisugue kavu: lowesha maji, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, tandika plastiki chini na ukusanye mabaki yote. Ubao uliotiwa aseniki ni heri kuubadilisha kuliko kuusugua.

Swali: Benchi moja linahitaji rangi kiasi gani? Kila fundi anatupa jibu lake.
– Mtunza hazina

Jibu: Pima, usikisie. Chukua benchi la urefu wa mita 1.8 lenye mbao saba, kila ubao upana sentimita 10 na unene sentimita 3.5. Mzunguko wa ubao ni sentimita 27. Zidisha kwa mita 1.8 upate karibu mita ya mraba 0.49. Mbao saba ni mita za mraba 3.4. Lita moja ya rangi ya nje hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye uso laini. Kwa hiyo praima mkono mmoja ni lita 0.34, rangi ya msingi mikono miwili ni lita 0.68, na vanishi mikono mitatu ni lita moja na kidogo. Ongeza sehemu ya kumi kwa kinachobaki kwenye brashi na makopo. Rangi za mchoro wenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: mililita 100 hadi 200 za kila rangi kuu kwa kawaida zinatosha. Wanaoishiwa huishiwa vanishi, nayo ndiyo haipasi kupunguzwa.

Swali: Nyekundu na waridi zetu zimepauka kabla ya mwaka kuisha, bluu bado iko vilevile. Kwa nini?
– Mchoraji wa kuta

Jibu: Kila rangi ina chembe zake zinazoipa wekundu au ubluu wake, na chembe hizo hazina uvumilivu sawa mbele ya jua. Angalia herufi na namba ndogo kwenye lebo zinazotaja chembe hizo. PR101 (nyekundu ya udongo), PY42 (njano ya udongo), PB15 (bluu ya ftalo), PG7 (kijani cha ftalo), PW6 (nyeupe ya titani) na PBk7 (nyeusi ya kaboni) ni watu wa kuaminika nje. Waridi nyingi kali hufifia mapema, na rangi za kung'aa kama taa hufifia kabla ya zote. Hizo usiziweke kabisa kwenye benchi. Bluu ya ultramarini, PB29, hustahimili mwanga lakini huliwa na asidi, hata ya mvua ya mji wenye moshi mwingi. Lebo isiyotaja chembe yoyote ni ya chumbani.

Vanishi yenye kinga ya miale ya jua husaidia, ila haifufui rangi dhaifu. Na epuka vanishi ya mafuta ya poliyurethani juu ya mchoro: hugeuka njano, nyeupe inakuwa maziwa yaliyochacha na bluu inaelekea ukijani.

Swali: Wiki mbili baada ya kumaliza, nguo za watu bado zinanata kwenye benchi. Tufanye nini?
– Kijana wa kujitolea

Jibu: Lifungeni kwanza kwa utepe, asikae mtu. Rangi na vanishi za akriliki hukauka kwa kugusa ndani ya saa moja au mbili, lakini kukomaa ni jambo jingine; huchukua wiki mbili hadi nne, na zaidi hewa ikiwa nzito. Isitoshe, akriliki hulainika kwa joto. Benchi la rangi nyeusi juani, na uzito wa mtu juu yake, ni mtihani mgumu kuliko wa ukuta wowote. Mikono minene huchelewesha zaidi, maana juu hufunga huku maji yamebaki ndani. Ukiona vanishi ina ukungu mweupe, ni hilo.

Jaribio ni rahisi: weka kitambaa kilichokunjwa juu ya kiti, kandamiza kwa uzito wa kilo 5 kwa saa moja wakati wa joto. Kikiacha alama ya nyuzi, bado. Kama wiki nne zimepita na alama zinaendelea, sugua kidogo kwa msasa namba 320, futa, kisha piga mikono miwili myembamba ya vanishi ngumu ya maji ya poliyurethani. Ile ya kuchanganya kopo mbili ni ngumu zaidi, lakini kigumushi chake kinadhuru mapafu. Isipulizwe bila barakoa ya kemikali, na si kazi ya siku ya kujitolea.

Tukiwa hapo, maoni yetu: rangi nyeusi na za giza ziende kwenye mgongo na miguu ya benchi. Kiti kipewe rangi za mwanga. Mtoto mwenye kaptula atawashukuru.

Swali: Mabenchi yetu mengine ni ya chuma na mengine ya zege. Tunaweza kutumia rangi ileile?
– Mwalimu wa sanaa

Jibu: Rangi ya juu, ndiyo. Ya chini, hapana.

Chuma cha kawaida kisuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu yote inayolegea iondoke, kifutwe kwa tina (kiyeyushi cha rangi), kisha kipigwe praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Chuma kilichochovywa zinki ndicho kinachowaponza wengi. Rangi ya mafuta juu ya zinki hushika vizuri mwanzoni, kisha mafuta yake hugeuka sabuni palepale inapogusana na zinki, na rangi yote huambuka kama ngozi ya nyoka. Tumia praima ya maji iliyoandikwa kwamba ni ya zinki.

Zege lina tabia hiyohiyo kwa sababu lina ualikali (kinyume cha asidi) mwingi likiwa bichi. Lisubiri siku 28, halafu tumia praima na rangi za akriliki za kuta za nje, si za mafuta. Ili kujua kama lina unyevu, bandika kipande cha plastiki cha sentimita 45 kwa 45, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache saa 16. Ukikuta matone au zege limekoza rangi, maji bado yanapanda. Unga mweupe wa chumvi upigwe brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani.

Kwa mabenchi ya aina zote mbili, paka kipande kidogo kwanza. Kikishakomaa, kichane kwa wembe mistari sita kwenda na sita kukatiza, umbali wa milimita 2, bandika utepe, vuta kwa nguvu. Vimraba vikitoka na utepe, usiendelee.

Swali: Uso wa mtu niliochora umekatika kwenye nafasi za mbao. Kuna ujanja?
– Msanii chipukizi

Jibu: Chora kwa kipimo cha 1 kwa 10 ukiweka na nafasi zenyewe kwenye karatasi, wala usizijaze. Macho na mdomo vikae katikati ya ubao. Sura na maandishi viwe kwenye mgongo wa benchi, kiti kibebe ruwaza, kwani huko ndiko kunakosuguliwa na kurekebishwa. Hamisha mchoro kwa miraba na chaki. Kalamu za wino usitumie. Wino wake hupenya na kuonekana juu ya rangi nyepesi, au huvujishwa na vanishi.

Swali: Tunataka vigae vilivyovunjwa badala ya rangi, kama lile benchi la Park Güell.
– Kikundi cha wanawake wasanii

Jibu: Benchi hilo la Barcelona, kazi ya Josep Maria Jujol katika bustani iliyobuniwa na Antoni Gaudí, linapindapinda, na ndiyo maana vipande vidogo vinafaa: kigae kizima hakifuati mpindo. Fanyeni hivyo kwenye zege tu. Ubao hutanuka na kusinyaa, na vigae vitaachia.

Vunjeni vigae vya poseleni ndani ya gunia, mkiwa na miwani, mpate vipande vya sentimita 2 hadi 5. Gundi iwe ya saruji yenye uwezo wa kunepa, ya kutumika nje. Gundi nyeupe ya mbao hurudi kuwa uji ikilowa. Acheni nafasi za milimita 2 hadi 3, subirini saa 24, ndipo mjaze grauti (saruji laini ya kuziba nafasi) hadi iwe sawa na vipande. Kiti kiwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kina cha sentimita 50 ili maji yasituame. Kingo zote zisuguliwe kwa jiwe la kunolea kabla ya kubandika. Mwisho, buruteni soksi nyembamba ya nailoni juu ya kiti kizima; inaponasa, ngozi ya mtu nayo itachanika. Msiruhusu watu kukaa kabla ya siku saba.

Swali: Watoto wa shule wanaweza kushiriki?

Jibu: Ndiyo, katikati ya kazi: wapake rangi za akriliki za maji kwa stensili na rola ndogo. Praima, msasa na vanishi ni vya watu wazima. Rangi za unga za darasani zisitumike, mvua huziosha.

Swali: Mwenye eneo anataka haki ya kufuta mchoro wakati wowote. Tukubali?
– Katibu

Jibu: Msikubali bila maandishi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6bis, unampa msanii haki ya kutambuliwa na kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima, lakini sheria za nchi hutofautiana kuhusu kufutwa kabisa. Andikeni muda wa mchoro, tuseme miaka mitatu hadi mitano. Nani anarekebisha mikwaruzo na kwa fungu gani. Msanii apewe taarifa siku 30 kabla ya kufutwa ili apige picha au achukue mbao zake. Na kwamba kimo cha kiti na mikono ya benchi havitabadilishwa, kwani wazee huitegemea kuinukia. Ambatisheni orodha ya rangi zilizotumika, namba zake na aina ya vanishi. Asiyejua kilichopakwa chini atakuja kukitengeneza kwa tina, na tina itayeyusha vanishi na mchoro pamoja.